MAISHA YA BIBI ELIZABETH PACKARD, MKE ALIYEFUNGIWA PASIPO KUSIKILIZWA

Katika Springfield, ulio mji mkuu wa jimbo la Illinois katika nchi ya Marekani, iko hospitali ya serikali ya kuwatunza watu wenye ugonjwa wa akili. Kwa miaka mingi hospitali hiyo iliitwa kwa jina la daktari mashuhuri, Andrew McFarland. Mwaka 2023 serikali ya jimbo ililiondoa jina hilo, na mahali pake ikaweka jina la mwanamke ambaye daktari yule alimshika muda wa miaka 3 akimhesabu kuwa mwenda wazimu. Mwanamke huyo ni Elizabeth Packard. Alikuwa binti wa mchungaji, tena mke wa mchungaji. Na aliyemtia kifungoni ni mume wake mwenyewe. Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu habari za maisha yake, maana zawahusu watu wote waliopewa mamlaka juu ya wengine, iwe nyumbani, iwe shuleni, iwe katika usharika.

Elizabeth alizaliwa tarehe 28 Desemba 1816, katika mji wa Ware, jimbo la Massachusetts. Baba yake, Samuel Ware, alikuwa mchungaji wa kanisa lililoshika kwa nguvu mafundisho ya Calvin. Siku hizo wasichana wengi hawakusomeshwa sana, lakini huyu alipewa elimu nzuri, hata akawa mwalimu. Alipokuwa na umri wa miaka 19 alishikwa na homa kali, akaweweseka. Matabibu walimtoa damu na kumpa dawa za kutapisha, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, wala hakupata nafuu. Ndipo baba yake akampeleka katika hospitali ya wenda wazimu ya Worcester. Alikaa huko muda wa wiki 6, akapona, akarudi kwao. Jambo hilo lilionekana limekwisha. Kumbe, baada ya miaka 24 lilifukuliwa likatumika kuwa ushahidi juu yake.

Mwaka 1839 aliolewa na mchungaji Theophilus Packard, aliyemzidi umri kwa miaka 14. Mungu aliwajalia watoto 6, wavulana 5 na msichana mmoja. Kwa miaka mingi yule mama aliwalea watoto wake, akashona, akapika, akalima bustani, akawakaribisha wageni wa usharika, wala hakuna aliyeona neno la kumlaumu. Hata mwaka 1857 wakahamia Illinois, katika kijiji cha Manteno, ambako Bwana Packard alichunga usharika mdogo.

Huko Manteno ndiko mashaka yalikoanza. Palikuwa na darasa la Biblia, nalo liliongozwa na shemeji wa Bwana Packard. Bibi Packard alialikwa aingie, aseme mawazo yake, ili mazungumzo yachangamke. Akaingia, akasema. Yeye hakuweza kukubali ya kwamba kila mtoto huzaliwa amepotoka kabisa asiwe na jema lo lote moyoni. Tena aliamini ya kuwa kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, atajibu kwa Mungu kwa dhamiri yake mwenyewe. Watu wakazidi kuja darasani ili wamsikie. Mume wake akaingiwa na hofu. Aliona aibu kwamba mke wa mchungaji apinga mafundisho ya mchungaji mbele ya kondoo zake, tena aliogopa ya kwamba roho za watoto wake zitapotea kwa maneno ya mama yao. Akamwamuru anyamaze. Bibi akajibu kwa upole ya kwamba hawezi kusema asiloliamini. Kisha akaomba ruhusa ya kutoka katika kanisa la mume wake ili ajiunge na kanisa jingine.

Hatuandiki habari hizi ili tuamue nani alikuwa na haki katika mafundisho. Mkristo mmoja aweza kukosea katika neno la imani, na mwingine akamrudi. Ndiyo kazi ya mafundisho. Lakini Bwana Packard hakutaka tena kumrudi mke wake. Alisema ya kwamba mwanamke anayefikiri hivi hana akili timamu. Mtu akiitwa mkosaji aweza kujitetea. Lakini akiitwa mwenda wazimu, utetezi wake wenyewe huhesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa. Hiyo ndiyo ilikuwa nguvu ya neno lile.

Tena sheria ya nchi ilimsaidia. Katika Illinois, kwa sheria ya mwaka 1851, mtu hakutiwa katika hospitali ya wenda wazimu mpaka wazimu wake uthibitishwe kwa ushahidi. Lakini sheria hiyo hiyo ilisema ya kwamba mwanamke aliyeolewa aweza kupokewa kwa ombi la mume wake na kwa kukubali kwa daktari mkuu wa hospitali, pasipo ushahidi ule uliotakiwa kwa wengine. Mtu mwingine alilindwa na baraza. Mke hakuwa na mlinzi ila mume wake. Na ikiwa mume ndiye adui, je, atakimbilia wapi?

Asubuhi ya tarehe 18 Juni 1860, Bwana Packard alikuja chumbani kwa mke wake pamoja na matabibu wawili waumini wa kanisa lake, na mkuu wa askari wa wilaya. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, naye mume akaingia kwa nguvu kwa njia ya dirisha, akitumia shoka. Matabibu wakamshika mkono, wakapima mapigo ya damu, wakasema ni mwenda wazimu. Uchunguzi wao ukaishia hapo. Bibi Packard akawaambia ya kwamba hatapigana nao, lakini hatakwenda kwa miguu yake mwenyewe, wasije wakasema baadaye ya kuwa amekwenda kwa hiari. Basi wakambeba. Watu wengi wa Manteno walikusanyika katika stesheni, na baadhi yao walikuwa na huzuni na hasira. Walakini hakuna aliyenyosha mkono kumwokoa, kwa maana waliona sheria iko upande wa mume. Akapakiwa katika gari la moshi, akachukuliwa hata Jacksonville, kwenye hospitali ya jimbo. Mtoto wake mdogo hakuwa ametimiza hata miaka 2.

Mkuu wa hospitali ile alikuwa huyo Daktari McFarland, mtu mwenye elimu na maneno mazuri. Mwanzoni alimpokea kwa heshima, akampa chumba kizuri kati ya wagonjwa watulivu, hata bibi akatumaini ya kwamba daktari ataona kosa na kumrudisha kwa watoto wake. Miezi ikapita. Bibi akaanza kuona jinsi wagonjwa wengine walivyotendewa na watunzaji: wengine walipigwa, wengine walizamishwa katika maji kwa kuadhibiwa. Akamwandikia daktari barua ndefu ya kumwonya juu ya mambo hayo. Jibu la barua ile lilikuwa kuhamishwa kwake. Akaondolewa katika chumba chake, akatiwa katika wodi ya 8, palipokuwa na wagonjwa wakali kuliko wote.

Mahali pale palinuka sana, na wagonjwa hawakuoshwa. Usiku hakupata usingizi kwa makelele. Mchana mara kadhaa alishambuliwa. Hapo twaona tabia ya mwanamke huyu. Angaliweza kukaa akilia, au kuwachukia wale waliomtisha. Badala yake aliomba maji na sabuni na matambara, akaanza kuwaosha wanawake wale mmoja mmoja, akachana nywele zao, akasugua sakafu na vitanda, chumba baada ya chumba. Siku kwa siku akafanya hivyo, bila kuagizwa wala kulipwa. Akawajua kwa majina yao. Akatambua ya kwamba wengi walikuwa wagonjwa kweli, nao walistahili kuhurumiwa. Bali wengine, kwa kadiri alivyoweza kuona, walikuwa na akili zao kama yeye, nao waliletwa na waume waliotaka kuwaondoa nyumbani.

Barua zake zilisomwa na wakubwa wa hospitali, na nyingi hazikufika. Alipokatazwa karatasi aliandika kwa siri katika vipande alivyookota, akavificha kati ya nguo na vyombo vyake. Humo aliandika aliyoyaona, siku na mahali na majina. Hakujua kama vipande vile vitasomwa na mtu siku moja. Lakini aliandika.

Mwezi wa Juni 1863, baada ya miaka 3 kamili, wasimamizi wa hospitali walimtoa, si kwa kukiri ya kuwa alikuwa mzima, bali wakiandika ya kwamba haponyeki. Akakaa miezi michache kwa jamaa yake, kisha akarudi Manteno, kwa maana moyo wake uliwatamani watoto. Mume wake alimpokea kama mfungwa. Alimfungia katika chumba kimoja cha nyumba, madirisha yakapigiliwa misumari, barua zake zikashikwa. Bibi akavumbua ya kwamba shauri linafanywa la kumpeleka katika hospitali nyingine ya wenda wazimu, huko Massachusetts, mbali na rafiki zake. Ikawa lazima afanye haraka. Akaandika barua, akaipenyeza katika upenyo wa dirisha, nayo ikafika mikononi mwa rafiki yake Sarah Haslett, naye akaipeleka habari kwa hakimu.

Hapo sheria iliyomfunga ndiyo iliyomfungulia mlango. Sheria ilimruhusu mume kumtia mke wake hospitalini, lakini haikumruhusu kumfungia katika nyumba yake mwenyewe. Hakimu Charles Starr wa Kankakee akatoa amri Bwana Packard amlete mke wake barazani na kueleza kwa nini amemfungia. Bwana Packard akamleta, akasema amemfungia kwa kuwa ana wazimu. Basi hakimu akaamuru ya kwamba neno hilo lipimwe mbele ya wazee wa baraza 12 walioapishwa. Ndivyo ilivyotokea ya kwamba, katika Januari 1864, kwa mara ya kwanza, Bibi Packard alisikilizwa.

Shauri lile lilichukua siku 5, na nyumba ya baraza ilijaa watu, hasa wanawake. Mashahidi wa mume walikuja. Daktari mmoja alikiri ya kuwa alikwenda nyumbani kwa bibi akijifanya mwuza cherehani, akazungumza naye kwa hila ili apate kumchunguza. Alileta orodha ya sababu 15 za kumhesabu kuwa mwenda wazimu, na mojawapo ni kwamba bibi alichukia kuitwa mwenda wazimu. Wengine walitaja ombi lake la kutoka katika kanisa la mume wake. Kisha wakaja majirani, watu wa kawaida waliomwona akifanya kazi zake kila siku, nao wakasema hawakuona kwake dalili yo yote ya wazimu. Mwisho akaja tabibu Duncanson, aliyesomea pia elimu ya dini. Alieleza ya kwamba amezungumza na bibi muda wa saa tatu. Hakubaliani naye katika kila neno, lakini kutokubaliana si wazimu, na yeye mwenyewe angependa nchi iwe na wanawake wengi wenye akili kama zake.

Wazee 12 wakatoka kufanya shauri. Baada ya dakika 7 wakarudi, wakasema ya kwamba Elizabeth Packard ana akili timamu. Wanawake wakashangilia, wakapunga leso zao. Lakini yeye aliporudi nyumbani hakukuta nyumba. Kabla ya hukumu kutolewa, mume wake aliondoka na kwenda Massachusetts. Nyumba alikuwa ameipangisha, vyombo ameviuza, na watoto amewachukua, hata nguo za mke wake hakumwachia. Ilikuwa katikati ya majira ya baridi. Wanasheria wakamweleza ya kwamba hakuna la kufanya, kwa sababu kwa sheria ya wakati ule mali ya nyumbani ilikuwa ya mume, na watoto walikuwa wa mume. Mbele ya baraza alikuwa ameshinda, walakini hakuwa na mtoto, wala kitanda, wala senti.

Wazee wetu husema, Mnyonge hana haki. Wengi husema hivyo kwa kukata tamaa. Bibi Packard aliliona neno hilo kuwa kweli, lakini hakuona ya kwamba ni lazima liendelee kuwa kweli. Akasema moyoni ya kwamba ikiwa sheria ndiyo iliyomvua haki, basi sheria ibadilishwe. Naye alikuwa na umri wa miaka 47, bila mali, bila jamaa wa kumsimamia, bila ruhusa hata ya kupiga kura.

Alianza kwa vile vipande vya karatasi. Aliandika habari za kufungiwa kwake, na kwa kuwa hakuwa na fedha za kumlipa mpiga chapa, akatembea nyumba kwa nyumba akiuza hati ndogo, kila hati ikiwa ahadi ya kitabu kimoja kitakapopigwa chapa. Haba na haba hujaza kibaba. Kitabu kikatoka, kisha kingine, vikauzwa kwa maelfu. Na kwa fedha hizo akaishi, akasafiri. Alikwenda Massachusetts kuwatafuta watoto wake. Huko baba yake mzee, ambaye hapo kwanza aliamini maneno ya mkwewe, alimwona kwa macho yake mwenyewe, akashuhudia ya kwamba binti yake ni mzima.

Mwaka 1867 alirudi Illinois, akaenda kwa watunga sheria wa jimbo, akazungumza na mmoja mmoja, akawaletea majina ya watu walioomba pamoja naye. Mwaka huo sheria ikapitishwa ya kwamba mtu asifungiwe katika hospitali ya wenda wazimu kabla ya shauri lake kusikilizwa na wazee wa baraza. Na wale waliokwisha kufungiwa pasipo shauri nao wasikilizwe. Kwa neno hilo hakuwasahau wanawake wa wodi ya 8. Kamati ya watunga sheria ikachunguza hospitali ya Jacksonville, ikaona ya kwamba wagonjwa walitendewa vibaya, ikashauri Daktari McFarland aondolewe. Wasimamizi walimtetea, lakini baada ya miaka michache akaiacha kazi ile.

Mwaka 1869 Illinois ilipitisha sheria ya kumpa mke haki juu ya mshahara wake mwenyewe. Mwaka huo huo Bwana Packard aliacha kushindana, na watoto waliokuwa bado wadogo wakaja kukaa na mama yao Chicago, katika nyumba aliyoinunua kwa kazi ya mikono yake. Alikuwa ametengwa nao muda wa miaka 9. Hawakupeana talaka, ila hawakuishi pamoja tena hata Bwana Packard alipofariki mwaka 1885.

Wengine wangalipumzika hapo. Yeye aliendelea karibu miaka 30 zaidi, akienda jimbo kwa jimbo. Katika Iowa, mwaka 1872, alipata sheria ya kwamba wagonjwa wa hospitali hizo waandike barua zisizofunguliwa na wakubwa, na wawekwe wakaguzi, kati yao mwanamke, wa kuingia wodini na kuona. Alijua kwa nini aliomba hayo mawili: barua ni mdomo wa mtu aliyefungiwa, na mgeni aingiaye ni sikio lake.

Si haki kuficha ya kuwa madaktari wengi walimpinga, na si wote kwa ubaya. Walisema ya kwamba kumsimamisha mgonjwa barazani mbele ya watu ni kumwongezea aibu na maumivu. Tena sheria peke yake haitoshi. Mwaka 1875 Mary Lincoln, mjane wa Rais Abraham Lincoln, alishitakiwa na mwanawe huko Chicago ya kuwa ana wazimu. Alikuwa na baraza, kama sheria ilivyotaka; lakini aliletwa siku ile ile pasipo kuonywa mapema, na shauri likaisha kwa saa chache, akatiwa hospitalini. Baada ya miezi michache alitoka, na mwaka 1876 baraza likasema akili zake ni timamu. Latufundisha jambo hilo ya kwamba kumsikiliza mtu si kutimiza desturi tu, bali ni kumpa nafasi ya kweli ya kujibu.

Wala Bibi Packard hakusema ya kwamba hakuna ugonjwa wa akili. Binti yake wa pekee alipatwa nao alipokuwa mtu mzima, na mama alimtunza nyumbani kwake, akiwa mzee. Hakuupinga uganga, alipinga kifungo kinachojiita uganga. Alifariki Chicago tarehe 25 Julai 1897, mwenye umri wa miaka 80.

Ndugu wasomaji, hasa ninyi walimu na wazee wa usharika, mara nyingi mume huja kwetu na mashitaka juu ya mke wake, au wazee wa ukoo huja na neno juu ya kijana, au watu husema ya kwamba mama fulani amechanganyikiwa. Pengine ni kweli. Wako wagonjwa kati yetu, nao wanahitaji daktari na upendo, si kufichwa wala kufungwa kamba. Lakini pengine anayeitwa mgonjwa ni mtu aliyesema neno tusilolipenda. Nikodemo aliwakumbusha wakuu wenzake ya kuwa torati haikuwapa ruhusa ya kumhukumu mtu asiyepewa nafasi ya kujieleza. Bwana Packard alikuwa ameisoma habari hiyo, na bila shaka aliihubiri. Watu wa Manteno nao waliijua, siku ile waliposimama katika stesheni wakilitazama gari la moshi likiondoka. Basi kabla hatujaandika barua yo yote, wala kutia sahihi chini ya maneno ya mtu mwingine, twende kwanza kwa yule anayesemwa, tuketi naye, tumsikilize mpaka mwisho.